Vitambaa vya Kyanjovu

Kitambaa cha kwanza Iman alikikuta Jumatatu asubuhi, kimefungwa kwenye komeo la geti. Kilikuwa chekundu, chembamba, na fundo lake lilikuwa na mizunguko miwili na ncha iliyochomekwa ndani. Fundo hilo alilijua. Jumapili yote alikuwa amelifunga kwa mikono yake mwenyewe, mti baada ya mti, katika msitu wa Kyanjovu.

Alikifungua, akakinusa. Kilinuka majani yaliyolowa, na kwa mbali kilinuka udi.

"Aber na mizaha yake," alimwambia mwanawe Salme, aliyekuwa amesimama na begi la shule mgongoni. Akakitia kitambaa mfukoni, wakaenda.

Aber alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, binti wa polisi kutoka Gulu aliyelelewa katika kambi ya Nsambya, na sasa alikuwa na kibanda cha chakula Kalerwe. Iman alimpigia simu akiwa njiani kurudi kutoka shuleni.

"Mimi?" Aber alisema. Nyuma yake soko lilikuwa limeshachangamka. "Niko hapa tangu alfajiri nakaanga chapati, halafu nipande boda mpaka Nateete kufunga nguo kwa geti yako? Muulize Afande Ojera. Labda uzee umemwingia, ameanza kukutongoza."

"Shika adabu yako."

"Na mayai ya Jumamosi nimeshaagiza. Usinipigie tena kuniambia watu wameongezeka."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya safari. Iman na Aber walikuwa na kundi lao la matembezi: wenye maduka, wauguzi, walimu, watu waliochoka kukaa. Mara kwa mara kundi lilitoka mjini asubuhi, likatembea, likarudi jioni. Zamu hii ilikuwa ya Kyanjovu, vilima vyenye msitu juu ya barabara ya Mityana, na Iman ndiye aliyebeba mpango mzima: basi dogo la kukodi, ruhusa ya mlinzi wa msitu, mabuti ya mpira kwa wasio nayo, nani anakula nyama na nani hali.

Jumapili walikwenda watatu kuikagua njia. Wa tatu alikuwa Ojera, sajini mstaafu aliyeongoza watembezi, mtu mwenye taratibu zake na taratibu hizo hazikuwa za kujadiliwa. Alama hufungwa upande wa kulia wa anayekwenda, usawa wa macho. Aliyefunga ndiye anayefungua wakati wa kushuka. Na kila baada ya kona kubwa kiongozi huamuru hesabu, kila mtu akataja namba yake kutoka mbele mpaka nyuma, ili aliyepotea ajulikane kabla hajapotea mbali.

Vitambaa vya alama alikuwa ameahidi Iman. Familia yao iliuza mapazia Nateete tangu enzi za mababu waliokuja na biashara kutoka pwani; kitambaa hakingewashinda. Lakini asubuhi hiyo kaka yake, Rafiq, alikuwa amekwenda harusini Jinja na funguo za duka mfukoni. Mama yao naye alikuwa mtaa wa Namuwongo akimuuguza dada yake. Iman akaingia chumbani kwa mama, akafungua sanduku la marehemu bibi yake, akatoa shuka jekundu ambalo hakuwahi kuona mtu amelivaa. Lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa uzi mweupe. Akakata uzi, akachana nusu ya shuka vipande vyembamba, nusu nyingine akairudisha. Nyekundu inaonekana vizuri msituni. Hilo ndilo alilowaza.

Walipanda vizuri. Kitambaa cha mwisho alikifunga juu kabisa, kwenye mti ambao mizizi yake ilikuwa imesimama juu ya ardhi kama kuta. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na Salme alikuwa ameachwa kwa jirani.

"Sasa tunafungua," Ojera alisema.

"Afande, Jumamosi tunarudi papa hapa. Tufungue leo halafu tufunge tena? Na mvua hiyo?"

"Alama ukiacha, hapana yako peke yako. Kila mutu anaweza kufuata."

"Hakuna mtu huku."

Ojera alitazama mti, akatazama mawingu, akaanza kushuka. Alikuwa mbele, Aber katikati, Iman nyuma. Kwenye kona ya kwanza aliamuru hesabu.

"Moja," alisema mwenyewe.

"Mbili."

"Tatu," alisema Iman.

"Nne."

Sauti ilitoka nyuma ya Iman. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye adabu, asiyetaka kuwakatiza wenzake. Iman aligeuka, akaona njia tupu na kitambaa chekundu kwenye mti.

Aber alicheka, akasema Iman anafaa kuigiza redioni. Iman alidhani Aber ndiye aliyefanya. Ojera hakucheka. Alisimama kidogo akitazama juu walikotoka, kisha akawaambia waongeze mwendo, mvua inakuja.

Jioni hiyo Iman alimsimulia mwanawe habari za hesabu, akaacha ile ya nne. Salme aliipenda. Tangu hapo kila walipokaa mezani aliamuru kwa sauti nene ya kiaskari, "Hesabu!", na Rafiq hakuruhusiwa kugusa chakula kabla hajataja namba yake.

*

Jumanne kitambaa kingine kilikuwa kwenye komeo la geti, mahali pale pale, na kingine kwenye nguzo ya chini ya ngazi. Nyumba yao ilikuwa juu ya duka. Ngazi zilipanda kutoka uani mpaka sebuleni. Jumatano asubuhi kulikuwa na cha tatu, katikati ya ngazi, usawa wa macho.

"Dada, mnapamba nyumba?" Rafiq aliuliza. "Mngeniambia, nina akiba ya lesi dukani."

"Si wewe?"

"Mimi kitambaa nakiuza, sikifungi kwenye ngazi."

Iman aliviacha vyote. Alijiambia kwamba anataka kumnasa Aber kwa ushahidi. Lakini siku ile alipanga safari kama mtu aliyepoteza kitu: alimpigia mwenye basi akasahau la kumwambia, akahesabu mabuti akaanza upya. Mara tatu alisimama katikati ya sebule akinusa. Harufu ya majani yaliyolowa ilikuwa ikija na kuondoka, kana kwamba kuna mtu anapita na nguo mbichi.

Jua lilipokuwa linazama, Rafiq akiwa bado chini dukani, Iman alikaa na Salme wakifanya hesabu za shule. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa ndiyo kwanza amemaliza. Ndipo ikasikika chumbani kwa mama: krrrrr. Kimya. Kisha tena, ndefu zaidi, krrrrrrrr.

Mtu aliyekulia katika duka la vitambaa hawezi kukosea mlio huo. Ni kitambaa kinachochanwa na mtu anayejua kuchana: unakitoboa ukingoni, unashika pande mbili, unavuta mara moja kufuata uzi.

"Mjomba yuko chumbani kwa bibi?" Salme aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Andika."

Iman aliinuka, akatembea mpaka mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa. Upande wa pili kulikuwa na pumzi. Haikuwa ya kutisha; ilikuwa pumzi ya mtu aliyepanda mlima na sasa anapumzika kabla ya kuendelea. Akafungua. Chumba kilikuwa kitupu. Sanduku lilikuwa limefungwa. Alipoinua kifuniko aliliona shuka, lakini haikuwa tena ile nusu aliyoirudisha Jumapili. Kilikuwa kipande kisichotosha kumfunika mtoto mchanga, na ukingo wake ulikuwa umechanwa sawasawa.

Saa hiyo hiyo Aber aliita kutoka uani. Walikuwa wamekuja yeye na Ojera, kama walivyopatana, kumalizia mambo ya Jumamosi.

Iman alishuka haraka kuliko kawaida. Aber alikuwa ameshaanza kuongea, kwamba rolekisi, yale mayai ya kuviringishwa ndani ya chapati, zikitengenezwa mapema zinalainika, bora mayai ya kuchemsha na chapati kando. Ojera hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya ngazi, kidole chake kikiwa juu ya fundo.

"Nani nafunga hii?"

"Ndiyo ninayotaka kuwauliza," Iman alisema.

"Hii ni fundo yangu. Lakini mimi hapana funga." Alipanda mpaka cha katikati, akashuka, akaenda getini akarudi. Alipozungumza tena alikuwa amepunguza sauti. "Iman. Mimi nafundisha nyinyi nini? Kitambaa nakaa upande gani?"

"Kulia."

"Kulia ya nani?"

"Ya anayekwenda."

"Sasa angalia. Getini, kulia ya mutu anaingia. Hapa chini, kulia ya mutu anapanda. Huyu hapana toka kwa nyumba yako. Huyu naingia." Akafikiri kidogo. "Na hapana fika bado. Kama amefika, hapana funga tena. Huyu bado nakagua njia."

Aber alisema neno moja la Kiacholi, taratibu, kisha akaketi kwenye ngazi. Halafu akainuka mara moja, kana kwamba amegundua ameketi mahali pa mtu.

"Afande," Iman alisema, "Jumapili, ulipohesabu. Ulisikia?"

"Nasikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nyinyi nakimbia. Kwa kilima mutu akikimbia, navunjika mguu." Alivua kofia yake, akaivaa tena. "Jumamosi hapana safari. Ambia watu."

*

Usiku Iman alimlaza Salme kitandani kwake, mkono wake juu ya kifua cha mtoto, na taa ikawaka mpaka asubuhi. Aliamka kwa adhana ya alfajiri. Mkono wake ulikuwa pale pale ulipokuwa. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Salme kulikuwa na kitambaa chekundu, mizunguko miwili, ncha imechomekwa ndani.

Alijaribu kukifungua. Kucha zake hazikupata pa kuingia. Salme alifumbua macho.

"Usifungue, mama. Ni cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Aliyesimama mlangoni. Amesema nisifungue mpaka anichukue twende matembezi." Mtoto alipiga miayo. "Ananiita bibi, kama nyinyi."

Walimwita bibi kwa sababu alikuwa amepewa jina la mama wa mama yake Iman, Bibi Salme, aliyefariki kabla mtoto hajazaliwa. Katika nyumba hiyo mtoto mwenye jina la marehemu huitwa kwa heshima ya marehemu. Hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa.

Iman alimpigia mama yake Namuwongo. Hakueleza mengi. Mama yake, Bi Maimunah, alifika jua likiwa limeshatoka, akaingia getini, akafika chini ya ngazi akasimama. Iman alimwona akishika nguzo kwa mikono miwili na kuvuta hewa puani, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia hatua anazozijua.

"Nguo iko wapi?" aliuliza.

"Ipi, mama?"

Bi Maimunah alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Ndani hakukuwa na shuka. Kulikuwa na uzi mweupe uliokatwa, basi. Akaketi kitandani, na Iman akamwambia yote: harusi ya Jinja, funguo, nusu ya shuka, mti wa juu, mvua.

"Ile nguo ilikuwa ya mgeni wa mama yangu," Bi Maimunah alisema. "Hatukumwita jini. Mama alikataza. Tulisema mgeni. Alikuwa akimpanda tangu ujana wake, akasema anataka nguo nyekundu na sahani yake, wakampa. Mnakumbuka ile sahani ya bati ya buluu?"

Iman alikumbuka. Kila Alhamisi jioni, alipokuwa mdogo, iliwekwa mezani sahani moja zaidi. Watoto waliambiwa ni ya msafiri. Asubuhi chakula kilikuwa hakijaguswa, ila kilikuwa baridi kuliko chakula kinavyokuwa baridi.

"Mama alipofariki, baba wa huyu Maalim Bashir wa msikitini alikuja akaisomea nguo, akaikunja, akaifunga uzi. Akamwambia yule: nguo yako imekunjwa, safari yako imekwisha, kaa huko uliko. Akakaa. Miaka yote hii amekaa." Bi Maimunah alimtazama binti yake bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Sasa wewe umekata uzi, umeichana nguo yake mwenyewe, umempangia njia, na kitambaa cha mwisho umemfungia kwenye mti mlimani, wanakokaa wenzake. Ungekuwa wewe, usingekuja?"

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Rafiq alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Mama, watu wa leo wanaumwa, wanapelekwa kliniki. Mtoto ana kitambaa mkononi, si homa. Nipeni mkasi."

"Ukithubutu," Bi Maimunah alisema, "usiniite mama."

*

Maalim Bashir alifundisha watoto Kurani katika chumba cha nyuma ya msikiti. Alipoitwa alikuja nyumbani, na miwani yake mizito na haraka ya mtu anayesubiriwa na darasa. Hakufukiza chochote, hakupandisha sauti. Alisoma karibu na sikio la Salme kwa muda, akautazama mkono wa mtoto, akaomba maji ya kunywa, kisha akamgeukia Iman.

"Yule hajaingia. Anakuja wakati wa magharibi, anasogea, anarudi. Leo ni Alhamisi, siku yake ya zamani. Leo atataka kufika. Kwa hiyo vitambaa vyote viondoke kabla jua halijazama. Wewe uliyeanza kufunga ndiye utakayevifungua, kwa vidole vyako. Anzia hapa nyumbani, malizia kule juu. Hiki cha mtoto kiwe cha mwisho kabisa. Ukirudi utakuta fundo limelegea, utalifungua kama la kamba ya kiatu."

"Na nikianza na cha mtoto?"

"Hakitafunguka."

"Kikikatwa?" Rafiq aliuliza.

Maalim alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Kitambaa kwenye mkono ni kama mlango uliorudishiwa. Yeye anasubiri nje mpaka apokewe. Ukikikata umemfungulia. Halafu dada yako anafuta njia huko nyuma, yule akitaka kutoka atatokea wapi?"

Rafiq alicheka kidogo kwa pua, akashuka kufungua duka.

Iman alifungua cha ngazi, cha chini, cha geti. Vilifunguka vizuri. Aber alifunga kibanda chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Alhamisi, na Ojera alileta gari la shemeji yake. Njiani kuelekea Mityana Aber alisema, mara moja tu, kwamba amechemsha mayai, kama kuna mwenye njaa.

Kitambaa cha kwanza cha Kyanjovu kilikuwa kwenye mti wa kwanza, mahali alipokifunga. Alikifungua, akakitia kwenye mfuko wa kitambaa aliouning'iniza shingoni, akaenda wa pili. Ojera alikuwa mbele, Aber nyuma yake, na Iman nyuma ya wote, kwa sababu ndivyo Ojera alivyotaka, anayefungua hukaa mwisho. Msitu ulikuwa na unyevu wa mvua za wiki nzima. Hakuna ndege aliyelia. Kila walipopinda kona harufu ya udi ilizidi, na kila fundo lilikuwa gumu kuliko lililotangulia, mpaka kucha za Iman zikaanza kuuma, kisha zikaanza kutoa damu, naye akawa anazifuta kwenye suruali na kuendelea, maana alikuwa akiuona mkono wa Salme mbele yake kwenye kila shina, mkono mdogo na kitambaa chekundu, na alijua kwamba asipoangalia nyuma ataweza, na kwamba nyuma yake, hatua moja tu nyuma ya hatua yake, majani yalikuwa yakikanyagwa na mguu ambao haukuwa na haraka, mguu uliosimama aliposimama na kuendelea alipoendelea, na kila alipofungua fundo na kitambaa kikaanguka mkononi mwake, mwenye mguu huo alivuta pumzi, taratibu, kama mtu anayetazama kitu chake kikichukuliwa na bado hajaamua aseme nini.

"Usigeuka," Ojera alisema kutoka mbele, ingawa hakuwa amegeuka yeye mwenyewe kumwona. "Fungua tu."

Mchana ulikuwa umeingia walipofika juu. Mti wenye mizizi kama kuta ulikuwa pale, na kitambaa cha mwisho kilikuwa kwenye shina, kimelowa, kimekaza mpaka kimezama katika gamba. Iman aliingiza vidole. Fundo halikutikisika. Pumzi nyuma ya shingo yake ilikuwa baridi. Alianza kusoma alichokikumbuka, akachanganya aya, akaanza tena, akachanganya tena.

Kisha pumzi ikakatika.

Haikupungua, ilikatika, kama redio iliyozimwa. Harufu ya udi ikaondoka pamoja nayo. Ndege akalia mahali fulani bondeni, akafuata mwingine. Na fundo, chini ya vidole vyake, likalegea lenyewe, kitambaa kikateleza mpaka chini kwenye mizizi.

Aber alianza kulia. Iman alimkumbatia, naye akalia. Hata Ojera aliketi kwenye mzizi, akamenya yai.

Waliviacha vitambaa vyote ndani ya mfuko wake, wakaufukia chini ya jiwe, wakashuka. Kwenye kona ya kwanza Ojera alisimama. Alisita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hesabu. Moja."

"Mbili."

"Tatu," Iman alisema.

Walisubiri. Maji yalidondoka kutoka majani. Hakuna aliyesema kitu, na Ojera alipogeuka kuwatazama alikuwa akitabasamu.

Barabarani simu ya Iman ilipata mtandao. Kulikuwa na ujumbe wa Rafiq, wa tangu adhuhuri: Salme mzima, anacheza, usihangaike. Iman aliusoma mara nyingi, akamwonyesha Aber, na Aber akasema sasa mayai yaliyobaki watayala kwa furaha.

*

Walifika Nateete jua likiwa linagusa mapaa. Ojera na Aber hawakushuka. Foleni ya magari ilikuwa inazidi. Geti halikuwa na kitambaa. Ngazi hazikuwa na kitambaa. Salme alimkimbilia mama yake kutoka sebuleni, akamrukia, na Iman alimkamata mkono wa kulia akaugeuza. Ulikuwa mtupu. Kulikuwa na mstari mwekundu kwenye ngozi, basi.

"Fundo limelegea lenyewe," Iman alisema. Akambusu mtoto mkononi, mara nyingi, mpaka mtoto akacheka.

Bi Maimunah alikuwa amesimama kando ya meza. Hakuwa akicheka. Alikuwa akimtazama Rafiq.

"Mwambie," alisema.

Rafiq alijikuna shingo. "Dada, mama alikuwa anaswali. Mtoto alianza kulia, mkono unambana, vidole vimekuwa vya buluu. Ulitaka nimtazame tu? Nilipanda na mkasi wa dukani." Alijaribu kutabasamu. "Nimekata utepe, kama waziri. Na mara hiyo hiyo akanyamaza, akaomba chai. Mtazame. Ana kasoro gani?"

"Saa ngapi?" Iman aliuliza.

"Mchana. Nilikutumia ujumbe baadaye kidogo."

Iman aliikumbuka pumzi iliyokatika. Alikumbuka jinsi ilivyokatika, kwa mara moja, kama mtu aliyeitwa kutoka kwingine. Muadhini alianza. Bi Maimunah aliwasha taa, na wote wanne wakaketi, kwa sababu chakula kilikuwa mezani na hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa kuketi. Wali ulikuwa ukitoa mvuke. Harufu ya majani yaliyolowa ilikuwa chumbani, na kila mmoja alijifanya hakuisikia.

Salme aliweka mikono mezani, akavimbisha kifua.

"Hesabu!"

"Si leo, bibi," Iman alisema.

"Hamli kabla ya hesabu. Bibi mkubwa anaanza."

Bi Maimunah alilamba midomo. "Moja."

"Mbili," alisema Rafiq.

"Tatu," alisema Iman.

"Nne!" Salme alisema, akanyoosha mkono kuchukua kijiko.

"Tano."

Ilitoka upande wa ngazi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye adabu, asiyetaka kuwakatiza wanaokula.

Rafiq alikiweka kijiko chake kando ya sahani, taratibu. Iman alimvuta mwanawe mapajani, akamfunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyegeuka.

Bi Maimunah aliinuka. Akaenda kabatini, akainama, akasogeza masufuria, akatoa sahani ya bati ya buluu. Aliifuta kwa upindo wa kanga yake, akapakua wali, akauweka mchuzi juu, na kuipeleka sahani ukingo wa mbali wa meza.

"Keti upande ule," alisema, bila kuinua macho. "Si karibu na mtoto."

Kiti kikavutwa.